Kifuko cha Kufuma

Jumanne, 9 Septemba

Kompyuta imekataa. Yaani kuwaka inawaka, taa ipo, feni inavuma, ila kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe pale juu kushoto. Basi. Nimezima, nimewasha. Vilevile.

Na usaili wa binti yangu ni Jumatatu, kwa kompyuta hiihii! Hospitali kubwa ya mji wa pili wanatafuta mtu wa stoo ya dawa. Wamemwandikia masharti: chumba kimya, awe peke yake, kamera wazi, halafu kuna jaribio la kuchapa. Simu yake kamera ilishakufa. Yangu ni ya vitufe. Kwenye vibanda vya intaneti ni kelele za magemu kutwa. Kwa hiyo ni hii au hakuna.

Akiipata kazi hii atatoka humu ndani. Sisemi nimemchoka, Mola ndiye shahidi wangu. Lakini mtu mzima akirudi kulala chumba alichosomea darasa la saba anajikunja mpaka roho. Tangu atoke kwa mumewe anaoga haraka, anakula haraka, kama mgeni anayeogopa kuzidisha siku.

Leo alikaa mbele ya kile kioo cheusi, mikono mapajani. Akasema, "Mama, hata kompyuta." Nikamwambia tutapata fundi. Nimesema kwa sauti ya mtu anayemjua fundi.

Namjua mmoja. Na huyo hatajwi humu ndani.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nimeibeba mpaka kwa Koleo, fundi simu wa pale kona. Akaigeuza, akaangalia ile flashi ndogo iliyochomekwa ubavuni, akacheka. Hii si Windows, mama, hii ni Linux, tena ile nyepesi, inaishi kwenye flashi. Nani alikuwekea? Nikasema mtu tu. "Basi mrudishie huyo mtu."

Nikamuuliza kama hawezi kuniwekea hiyo anayoijua yeye. Akasema kwa umri wa hii mashine ni sawa na kumbebesha bibi gunia la saruji. Ushauri wake niitupe. Au niwape kuku watagie. Watu waliokuwa kibandani wakacheka, na mimi nikacheka, nikairudisha kwenye kifuko chake nikaondoka.

Kifuko nilikifuma mwenyewe, uzi wa kijani na kahawia, kinabana vizuri kama soksi. Humu ndani nimevisha kila kitu: redio, birika, rimoti. Baba watoto anasema siku moja ataamka amevikwa yeye.

Mrudishie huyo mtu. Anasema kirahisi.

Huyo mtu ni mkwe wangu. Diski ya ndani ilipokufa, yeye ndiye aliyeleta ile flashi iliyo kama ukucha. Akaniambia, "Mama, kompyuta yote iko hapa. Hili sanduku ni nyumba tu." Na betri kubwa ilipovimba ni yeye aliyeitoa, tangu hapo tunatumia umeme wa ukutani. Aliitengeneza ikafufuka. Nilimpenda kijana yule kama niliyemzaa, na leo naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Alipunguzwa kazi kiwandani, hakumwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa shati, anafunga tai, anaaga. Miezi! Anakwenda kukaa maktaba mpaka jioni. Binti yangu akaja kujua pale anapouza, dukani kwenye dawa, mbele ya wateja, mtu wa kiwandani akamuuliza, "Shemeji, jamaa siku hizi yuko wapi?" Alirudi hapa na begi moja. Aliniambia mara moja tu, hakurudia: "Angefukuzwa mara kumi ningekaa naye. Lakini mimi nilikuwa napiga pasi uongo, mama. Kila usiku. Na kola nainyoosha."

Baba watoto akatoa amri, jina lile lisitajwe.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia.

Niliambiwa nifute namba yake. Nilifuta jina. Namba ipo, nimeiandika "Ofisi ya Maji".

Binti yuko dukani kwenye dawa, baba watoto amejilaza baada ya chakula. Nikaingia chumba cha cherehani, nikafunga mlango. Hata sijasema haloo: "Shikamoo mama." Sauti ileile. "Marahaba, baba. Hujambo?" Hajambo. Salio linakwenda. Nikaanza kueleza habari ya kompyuta kama mtu anayesimulia ugonjwa wa jirani. Alichouliza ni kimoja: ni kwa ajili yake? Nikasema ndiyo, Jumatatu.

Basi akawa fundi. Akasema niizime, niiwashe, na papo hapo nigonge kile kitufe cha F12, nigonge, nigonge, kama napiga hodi kwa mtu asiyesikia vizuri. Nikagonga. Ikatoka orodha. Nikamsomea herufi kwa herufi, akaniambia shuka, shuka, hapo, bonyeza. Maandishi yakaanza kukimbia, mengi, kama mvua kwenye dirisha, halafu ile picha ya mlima ikatokea. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka nikajiziba mdomo.

Akauliza saa ya pale chini inasema nini. Inasema Januari mosi, mwaka elfu mbili na nane. Akasema hiyo ni dalili, mama, lakini tuiache kwanza.

Elfu mbili na nane. Yeye na binti yangu walikuwa hata hawajaonana. Nimeiangalia ile tarehe kwa muda.

Baba watoto akagonga mlango. Unaongea na nani? "Ofisi ya maji." Akasema niwaambie mita yetu inakimbia. Nikawaambia. Upande wa pili nikasikia mtu anazuia kicheko.

Jioni binti kaifungua, macho yakang'aa, halafu yakazima. Waifai haipo. Kile kiboksi cha intaneti kinawaka taa zote juu ya kabati, simu yake inaiona, kompyuta haioni kitu.

Ijumaa, 12 Septemba

Baba watoto alipokwenda msikitini nikapiga tena "Ofisi ya Maji". Sasa hivi hata sijishangai.

Kwanza tukarekebisha tarehe. Anasema tarehe ikiwa ya zamani, tovuti zote zinaikimbia, zinadhani ni tapeli. Halafu akanifungulisha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akanitajia herufi moja moja. Mimi wa elimu yangu ya msingi naandika amri! Ikajibu mistari minne. Mstari mmoja ukasema "yes" pale ambapo yeye alitaka "no". Akasema, mama, redio ya waifai imezimwa, na si kwa programu. Imezimwa kwa mkono. Kuna kitelezi kidogo ukingoni mwa mbele, pembeni mwa tundu la spika za masikio. Papasa.

Nikapapasa. Kipo! Kama punje ya mchele. Nimemiliki mashine hii miaka, sijawahi kukiona. Nikakisukuma kulia, kitaa cha njano kikageuka bluu, na majina ya waifai za mtaa mzima yakamwagika. Akauliza nani alikisukuma. Nikasema mimi sijagusa, na binti hajui kama kipo. "Basi ni shetani," akasema. Nikamwambia asimtaje shetani siku ya Ijumaa. Akaomba radhi.

Nikaizima vizuri, nikaivika kifuko chake, nikaiweka mezani kama bibi harusi.

Jioni binti kaitoa, kaiwasha. Waifai hakuna. "Mama, si ulisema imepona?" Nikaenda moja kwa moja kwenye kile kitelezi, nikasukuma, ikashika. Yeye hakuitazama kompyuta. Alinitazama mimi.

"Nani kakufundisha hiki kitu?"

"Koleo."

Limetoka kama lilikuwa limeshakaa mdomoni linasubiri zamu. Akacheka, akasema kumbe Koleo anajua, na mimi namdharau.

Katika sala ya isha nimesahau niko rakaa ya ngapi. Nimerudia. Nikasahau tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Kioo cheusi.

Nimegonga F12 kama kichaa. Orodha imetoka lakini flashi haimo. Ilikuwamo juzi! Nimechomoa, nimechomeka upande wa pili, nimepuliza. Haimo.

Binti hakulia. Ni heri angelia. Aliweka meza ya pasi akaanza kunyoosha blauzi ya Jumatatu, ile nyeupe. Anapita kwenye kola, anarudia, anarudia. Nikasema mama yangu, hiyo imeshanyooka. Akasema najua.

Nimetoka na beseni la nguo, nimepiga simu nikiwa kwenye kamba, shuka limening'inia kati yangu na nyumba. Mkwe anasema mipangilio ya ndani kabisa imejifuta, na kule hawezi kuniongoza kwa simu, kurasa ni nyingi na kitufe kimoja kikikosewa tutailaza kabisa. Lazima aione kwa macho. Halafu akasema, "Nije au nisije, hilo ni lako, mama. Mimi pale mlangoni sina haki."

Kesho baba watoto ana kikao cha chama chao cha walinzi wastaafu. Binti yuko dukani mpaka adhuhuri.

Nimemwambia aje.

Nimeandika hivyo nikaangalia neno lenyewe. Aje. Yule alikuwa anaaga asubuhi na tai, na mimi nimesimama nyuma ya shuka na simu. Tofauti yetu ni nguo.

Jumapili, 14 Septemba

Alikuja. Alipiga hodi mlango wa uani, kama mleta mkaa. Hana tai. Buti za kazi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Anapakia mbao kwenye ghala, na mwenyewe alinitajia kabla sijauliza: ghala gani, tangu lini, msimamizi wake nani. Kila kitu, kama mtu anayeweka vitambulisho mezani.

Viatu vya binti vilikuwa mlangoni. Akavivuka. Hakuvikanyaga wala hakuvisogeza, akavivuka kwa hatua ndefu kama dimbwi.

Akaifungua kompyuta kwa bisibisi ndogo, akatoa kitu cha duara kama sarafu. Betri ndogo. Hii ndiyo inayokumbuka, akasema. Saa, tarehe, na wapi pa kuanzia kuwaka. Imekufa. Akauliza, usiku mnachomoa waya? Nikamwambia baba watoto anazima swichi kuu ya nyumba nzima kila usiku, tangu enzi za lindo aliposhuhudia stoo inaungua. Akatikisa kichwa akicheka. Betri kubwa haipo, umeme wa ukutani unakatwa, hii ndogo imekufa, basi kila asubuhi mashine inaamka haijui lolote, inaanza kutafuta ile diski marehemu. Kuna siku inabahatika kuona flashi, kuna siku haibahatiki. Alikuja na betri mpya. Akaingia huko kwenye kurasa zake, akapanga, akawasha. Akazima. Akawasha. Mara tano. Kila mara inakuja yenyewe, bila hodi.

Na waifai ikashika. Nikashukuru, nikaizima, nikachukua kifuko nikaivika.

"Mama. Rudia."

Nirudie nini? "Itoe. Ivike tena. Polepole."

Nikaivika polepole. Akainama mpaka shavu likagusa meza, akiangalia ule ukingo wa mbele. Uzi ulipopita pale, ulivyobana, ukakikumba kile kitelezi ukakipeleka kushoto. Kidogo tu. Tik! Nikasikia kwa masikio yangu. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nikacheka mpaka mtandio ukanidondoka. Miezi yote hiyo, waifai ikipotea na kurudi kadiri kifuko kinavyovikwa na kuvuliwa, tumelaumu kampuni ya intaneti, tumelaumu mawingu, tumelaumu bati la jirani! Kumbe ni sisi wawili tuliokuwa tunaiua, mzee kwa swichi na mimi kwa uzi, na wote kwa mapenzi.

Nikachukua mkasi nikakata kidirisha pale ukingoni, nikapiga mshono kuzunguka. Yeye ananisubiri, chai anainywa amesimama.

Alipokuwa anaondoka akasema, mama, nina ombi. Mwambie ni mimi.

Nikasema baba watoto…

"Si mzee. Yeye. Mwambie kabla hajakaa kwenye hiyo kompyuta au baada, lakini mwambie. Asiponitaka, sawa. Mimi mambo ya kuficha yamenitosha, nisifichwe tena na wewe."

Nikamwahidi. Nilitia na inshallah.

Baba watoto alirudi akaona alama za buti uani. Wale wa maji walikuja? Nikasema walikuja. "Na mita?" Imetengemaa.

Binti alirudi, akaiwasha mara tatu, akanikumbatia kwa nyuma nikiwa jikoni, kidevu begani kwangu kama zamani. Huyu Koleo, akasema. Mdomo ukafunguka. Nikasema onja kama chumvi imetosha.

Jumatatu, 15 Septemba

Jana usiku nilimsihi baba watoto asizime swichi kuu, usiku mmoja tu. Akauliza kama ni maagizo ya Koleo. Ndiyo. Akalala na tochi kifuani.

Sijamwambia kabla. Nimejitetea kwamba moyo wake usitikisike.

Saa nne kamili kafunga mlango. Baba watoto tumemkataza kukohoa, akaenda kukohoa barabarani. Mimi nimekaa sakafuni kwenye korido na tasbihi. Nilisikia, "Ndiyo, nawasikia vizuri." Halafu vitufe, tiki tiki tiki, muda mrefu. Halafu kicheko — chake! Kicheko cha kweli. Sijakisikia tangu aje na lile begi.

Katoka jasho limemlowesha. Haikukatika hata mara moja, mama. Hata mara moja.

Sijamwambia baada.

Jumanne, 16 Septemba

Wamempigia. Amepata! Anaanza mwezi ujao. Nimesujudu palepale kwenye vipande vya nguo.

Chakula cha jioni baba watoto kainua mikono, kaomba dua ndefu. Kamwombea binti, safari yake, wakubwa wake wa kazi. Halafu: "Na Mola ambariki Koleo, kwa ujuzi wake na moyo wake." Binti kasema amina.

Na mimi nimesema amina.

Mola anajua ile dua ilikwenda kwa nani. Lakini mimi nitajibu kwa ile amina.

"Ofisi ya Maji" ilipiga baadaye. Nimeacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi binti kaniambia, mama, si vizuri mtu afanye jambo kama lile tusimshukuru. Una kifuko chochote umemaliza? Nilikuwa nacho kimoja, cha redio, chekundu. Kakikunja vizuri kwenye karatasi. Atampelekea Koleo jioni, amshukuru kwa mdomo wake mwenyewe.

Kutwa nzima nilikuwa na nafasi. Alipofua. Alipochana nywele. Baada ya alasiri kasimama mlangoni na kifurushi chake. Nikamwita, "Mama yangu."

"Abee?"

"Jifunike vizuri. Kuna upepo."

Hakuna upepo.

Sasa amekwenda. Kwa Koleo si mbali, hata chai haiwezi kuchemka. Koleo ni mtu mkweli, atasema, mimi? Mimi nilimwambia mama yako awape kuku watagie, au amrudishie aliyemwekea ile flashi. Watu wa kibandani watacheka. Tena mbele ya watu. Ee Mola, tena mbele ya watu.

Niko kwenye cherehani, dirisha liko wazi, naona lango. Nimeshona mkono wa shati kinyume. Nimefumua.

Kafika. Yuko pale langoni, nje. Haingii. Kifurushi chekundu bado anacho mkononi, karatasi imechanika. Baba watoto yuko uani anamuuliza kama Koleo kafurahi. Sijasikia jibu. Katoa simu. Kaiweka sikioni.

Na mimi nimechukua yangu. Nimepiga "Ofisi ya Maji", nimtahadharishe, nimwombe radhi, sijui nimwambie nini. Yule mwanamke wa mtandao kanijibu kwa upole kwamba namba ninayopiga inatumika.

Nimepiga tena. Inatumika.

Binti yangu pale langoni anasikiliza tu. Namba ile hakuiandika popote, anaijua kwa kichwa. Kainua uso, kaangalia dirisha langu.

Anakuja huku. Simu bado iko sikioni.